Anza na 1700 unaposoma spektra ya infraredi

Ukiwa na spektra ya infraredi mkononi, yaani mchoro wa mwanga wa infraredi ambao sampuli imeufyonza, usihangaike na kila bonde (mahali mstari unaposhuka kwa sababu mwanga umefyonzwa). Tazama kwanza karibu na 1700 cm⁻¹ (idadi ya mawimbi katika sentimita moja). Pakiwa na bonde refu lililochongoka, hapo kuna kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni kwa bondi mbili, C=O), na nusu ya kazi umeimaliza.

Chukua aspirini uliyotengeneza maabara. Inapaswa kuonyesha mabonde mawili jirani ya kabonili: la esta karibu na 1750, la asidi ya kaboksili karibu na 1690. Kisha hamia 2500 hadi 3300: O–H (oksijeni na hidrojeni zilizoungana) ya asidi ni bonde pana mno, limelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na linaimeza hata mistari ya C–H. Bonde la 1750 likikosekana, asidi ya salisili uliyoanza nayo bado haijageuka kuwa aspirini.

Kinachowaponza wengi ni maji. Chumvi ya KBr (bromidi ya potasiamu) inayochanganywa na sampuli ili kuipima hufyonza unyevu, kwa hiyo bonde pana la 3400 likiandamana na dogo la 1640 linaweza kukudanganya kuwa ni alkoholi. Kausha chumvi vizuri, upime tena. Jozi ndogo ya mabonde karibu na 2350 ni kaboni dioksidi ya hewani, iache.