Kabla ya Kukata Mahindi ya Saileji, Vunja Gunzi Utazame Punje

Wafugaji wengi wa Nyandarua na Nakuru huhesabu miezi tangu siku ya kupanda, kisha huita mashine ya kukata mahindi ya saileji, yaani lishe ya ng'ombe inayokatwakatwa, kushindiliwa na kuchachushwa bila hewa. Hesabu hiyo hudanganya. Mbegu ileile ikipandwa Kitale na Kinangop haikomai pamoja, kwa kuwa baridi ya mlimani Kinangop huchelewesha punje kujaa. Anza kukagua shamba mapema, mahindi yanapokuwa bado ya kuchoma, na urudi kila baada ya siku chache.

Chuma magunzi kadhaa katikati ya shamba, si pembezoni tu. Vunja gunzi katikati liwe vipande viwili na utazame kipande cha upande wa ncha, pale lilipovunjikia. Sehemu ngumu ya wanga huanzia kichwani mwa punje ikishuka kuelekea gunzini, na maziwa hubaki chini yake. Ugumu ukifika nusu ya punje hadi theluthi mbili, wakati umewadia. Mahindi yetu meupe hayaonyeshi vizuri mstari kati ya wanga na maziwa, hivyo bonyeza kwa ukucha kutoka juu kwenda chini mpaka uhisi mahali panapolainika.

Hata hivyo, unyevu wa mmea mzima ndio unaoamua: asilimia 65 hadi 70. Katakata mimea michache, pima gramu 100, kausha kwa moto mdogo bila kuunguza, pima tena, na urudie mpaka uzito usipungue. Zikibaki gramu 30 hadi 35, kata. Zikibaki 25, subiri. Mahindi mabichi mno hutoa maji yanayotiririka na sukari, na bakteria wabaya huigeuza saileji kuwa kitu kinachonuka kama siagi iliyoharibika. Yaliyokauka kupita kiasi hayashindiliki. Hewa hubaki ndani, ukungu huingia, na punje ngumu utaziona nzima kwenye kinyesi cha ng'ombe. Nikilazimika kuchagua kati ya kuwahi wiki moja na kungoja punje zijae, nitangoja, maana nguvu ya saileji iko kwenye wanga wa punje.

Usiyaamini majani. Sakitu, yaani baridi ya kugandisha umande, ikipiga, majani hukauka kwa siku chache huku bua na gunzi vikiwa bado vimejaa maji. Mfugaji anayeona shamba limegeuka rangi hukimbilia panga, na hapo ndipo hasara huanzia. Pima kwanza. Kuna pia mbegu ambazo majani yake hubaki kijani ilhali punje zimeshakomaa.

Ukame unataka uangalifu zaidi. Mahindi yaliyokosa mvua wakati wa kutoa mbelewele hubeba punje chache, kwa hiyo panga mapema kuongeza chakula cha nguvu. Kama uliweka mbolea nyingi ya CAN (mbolea ya naitrojeni) au samadi, naitreti, chumvi ya naitrojeni ambayo ikizidi humdhuru ng'ombe, hujikusanya kwenye bua, hasa sehemu ya chini. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi kirefu, usikate kesho yake. Acha siku kadhaa mimea irudie kukua. Kata juu zaidi, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini badala ya 15, na usilishe kabla ya wiki nne. Kuchacha hupunguza naitreti lakini hakuimalizi, kwa hiyo peleka sampuli maabara kabla ya ng'ombe kuonja. Magunzi yaliyotobolewa na viwavi na kuota ukungu yatenge kabisa: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Yaliyobaki yawe tayari kabla ya bua la kwanza kuangushwa: chafkata (mashine ya kukatakata lishe) yenye visu vikali vya kukata vipande vya sentimita 1 hadi 2, nailoni isiyo na tundu, watu wa kutosha, na trekta au pipa lililojaa maji la kushindilia kila tabaka. Shimo la kuhifadhia saileji lijazwe na kufunikwa ndani ya siku moja au mbili.

Mwisho, waambie wa nyumbani kuhusu gesi. Mahindi yenye naitreti nyingi hutoa gesi ya rangi ya manjano na hudhurungi katika wiki za kwanza. Ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na shimoni, na huua. Mtoto asicheze hapo, na mtu asiingie shimoni peke yake.