Kupanga insha ya uhakiki wa fasihi: hoja si tukio

Majuzi mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniletea insha yake barazani, hapa Kibokoni. Kurasa tatu, mwandiko wa kupendeza, alama 7 kati ya 20. "Mjomba, yote niliyoandika yamo hadithini. Sasa nimekosea wapi?" Swali lile lilinichoma. Nami nilipokuwa shule niliandikiwa "UNASIMULIA" kwa wino mwekundu muhula mzima, na hakuna aliyenieleza maana yake. Tulikaa tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Tulivyokwenda ni hivi.

Chukua karatasi tupu na kalamu ya risasi. Ile miongozo ya muhtasari inayouzwa madukani siitaki karibu: inakupa mawazo ya mtu mwingine, na swali likigeuzwa kidogo tu unabaki huna la kusema.

Hatua ya 1: Kitenzi cha swali

Kipigie mstari. "Fafanua" inataka ulifunue jambo. "Linganisha" inataka pande mbili zikae katika aya moja, si ukurasa huu mmoja na ukurasa ule mwingine. "Jadili" na "tathmini ukweli wa kauli" zinakuruhusu kupinga, hata kwa sehemu tu. Wengi hawajui kwamba wana ruhusa hiyo.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili usije ukaukariri. Kwa ufupi, mjane wa Mji wa Kale anauza jahazi la marehemu mumewe ampe mwanawe wa kiume nauli ya kwenda kufanya kazi Uarabuni. Mwana harudi wala haleti salamu. Mama anaugua, na anayemuuguza ni binti yake mdogo, aliyeachishwa shule kwa kukosa karo. Swali: "Mjane huyu amejiletea msiba mwenyewe." Tathmini ukweli wa kauli hii.

Hatua ya 2: Msimamo kwa sentensi moja

"Mjane ana lawama yake, lakini mzizi wa msiba ni mila inayomtwika mtoto wa kiume matumaini yote ya nyumba." Basi. Kama huwezi kuusema kwa pumzi moja, rudi kwenye swali.

Hatua ya 3: Kutenga hoja na tukio

Hapa ndipo jua lilipotuchwea, na hapa ndipo alama zinapopotelea.

Mpwa wangu angeandika hivi: "Mjane aliuza jahazi. Kisha alimpa mwanawe fedha. Mwanawe alisafiri na hakurudi." Yote kweli, na hakuna hata sentensi moja iliyojibu swali. Msahihishaji hadithi anaijua. Anataka kujua wewe umeona nini ndani yake.

Sasa tazama hii: "Mjane anachangia msiba kwa kumpuuza binti yake. Siku ya mauzo, binti ameshika kamba ya nanga anauliza, 'Na mimi, mama?' Mama anaendelea kuhesabu noti bila kuinua uso. Kimya kile kinaonyesha kwamba binti hakuwamo kabisa katika hesabu, na uamuzi huo ni wa mama mwenyewe." Tukio ni lile lile la kuuza jahazi, ila sasa linafanya kazi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: ifunike mifano kwa kiganja, ubakishe sentensi ya kwanza ya aya. Je, mtu anaweza kuibishia? Hakuna wa kubisha kwamba jahazi liliuzwa. Lakini kwamba mama alimpuuza binti, mwenzako anaweza kukwambia la, hakuwa na njia nyingine. Penye uwezekano wa kubishana ndipo penye hoja.

Tulichora safu tatu: tukio, linafichua nini, linajibu swali vipi. Mpwa alijaza matukio 11. Kila tukio ambalo safu yake ya tatu ilikuwa tupu tulilifuta, yakabaki manne. Alisikitika sana kulifuta tukio la mama na mwana kuagana bandarini. "Mjomba, hapo ndipo penye utamu!" Kweli ni patamu, lakini hapakujibu swali.

Mambo matatu zaidi kuhusu hatua hii. Usipange aya kwa mfuatano wa hadithi, isipokuwa umeulizwa mabadiliko ya mhusika. Mfuatano ndio unaokuvuta kusimulia. Usitaje mbinu ya lugha ukaiacha uchi: ukisema jahazi ni jazanda (kitu kinachosimamia jambo jingine), sema ni jazanda ya nini na inaongeza nini kwenye hoja yako. Na ukinukuu, maneno manne matano yanatosha, mradi uyaeleze.

Hatua ya 4: Mpangilio

Mimi huanza na upande nisioukubali sana (hapa, lawama za mjane), kisha nageuka kwa "hata hivyo" na kumalizia na hoja nzito kuliko zote. Wako walimu wanaotaka nzito itangulie. Nimejaribu njia zote mbili, na hii yangu huifanya insha isilegee mwishoni.

Hatua ya 5: Saa

Karatasi ya fasihi ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yaani 102/3, ni saa mbili na nusu kwa maswali manne ya alama 20, yaani dakika 37 hivi kila swali. Swali likitaka insha, dakika saba ziwe za mpango. Utangulizi ni ule msimamo wa hatua ya 2 pamoja na sentensi moja ya kuufungulia njia. Hitimisho liwe sentensi mbili, bila hoja mpya. Zikibaki dakika tatu, pitia kila aya ukitafuta neno la swali, hapa "msiba" au "kujiletea". Aya isiyo nalo, litie juu ya mstari kwa alama ya kuchomeka (^).