Somo: Bordeaux kwa siku moja, meli ikifunga gati mtoni

Bordeaux haiko baharini. Iko kando ya mto Garonne, karibu kilomita 100 kutoka Atlantiki, na meli za utalii hupanda mtoni zikifuata maji kujaa. Kwa hiyo utalii unaanza kabla ya kushuka: asubuhi hiyo panda sitaha ya juu uone mashamba ya mizabibu yakipita pande zote mbili. Maji ni ya kahawia kwa tope linalokorogwa kila maji yakijaa na kupwa, si uchafu.

Na niseme mapema: kama una siku moja tu, achana na basi la kwenda kuonja mvinyo mashambani. Linakula siku nzima, na mji wenyewe unauacha nyuma.

Hatua ya 1: Uliza meli inafunga wapi. Tangazo kuandika "Bordeaux" halitoshi. Meli ndogo na za kati hupita chini ya daraja la Jacques Chaban-Delmas, lililofunguliwa 2013, ambalo kipande chake cha kati huinuliwa kizimakizima kati ya minara minne. Hizo hufunga katikati ya mji, ukingo wa kushoto. Ukishuka ngazi umefika. Nyingine huishia Bassens, nje ya mji, au Le Verdon kwenye mlango wa mto, na kutoka Le Verdon kuna zaidi ya saa nzima barabarani.

Hatua ya 2: Place de la Bourse, asubuhi. Uwanja huu ulijengwa kati ya 1730 na 1755, kazi ya Jacques Gabriel na mwanawe Ange-Jacques. Mbele yake kuna "kioo cha maji" cha mwaka 2006: sakafu ya mawe meusi ya mita za mraba 3,450, maji yake sentimita mbili tu, na kila baada ya muda hutoa ukungu. Majira ya baridi huzimwa.

Wengi hupiga picha hapo wakaondoka. Wewe inua macho juu ya madirisha na milango. Mji mzima umejaa nyuso za kuchongwa kwenye mawe: miungu ya bahari, simba, wazee wenye ndevu za zabibu. Katikati yao zimo nyuso za Waafrika. Matajiri waliojenga hapa hawakuona sababu ya kuficha fedha zao zilitoka wapi: kwenye utumwa.

Hatua ya 3: Fuata mto kuelekea kaskazini hadi kwa Modeste Testas. Hii ndiyo sehemu nisiyotaka mtu wetu aikose. Kwenye gati la Louis XVIII kuna sanamu ya shaba ya mwanamke, iliyozinduliwa Mei 2019, kazi ya mchongaji wa Haiti, Woodly Caymitte. Jina la kuzaliwa la Modeste ni Al Pouessi. Alizaliwa mwaka 1765 upande wetu wa Afrika, Ethiopia, akatekwa, akanunuliwa na ndugu wawili wa Bordeaux, akapelekwa kwenye shamba lao Saint-Domingue, Haiti ya leo. Alikufa huru mwaka 1870. Mjukuu wake, François Denys Légitime, akawa rais wa Haiti.

Hatua ya 4: Tramu B kutoka kituo cha Quinconces hadi Musée d'Aquitaine. Kata tiketi kwenye mashine ya kituoni, kisha uigongeshe kwenye kifaa cha ndani ya tramu. Wakaguzi hawana mchezo. Jumba la makumbusho hufungwa Jumatatu. Muda ukiwa mfupi, ruka vyumba vya Warumi uende vyumba vya karne ya 18, vilivyofunguliwa 2009. Bordeaux ilituma karibu safari 500 za biashara ya utumwa, zilizosafirisha watu kati ya 120,000 na 150,000. Miaka ya 1780 baadhi ya meli zake zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kununua watu Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki. Lakini utajiri mkubwa zaidi ulitoka kwenye sukari na kahawa iliyolimwa na watumwa kwenye visiwa vya Karibi.

Hatua ya 5: Kula Capucins au mtaa wa Saint-Michel. Soko la Capucins ni la asubuhi hadi mchana, Jumatatu limefungwa. Chaza wa Arcachon wanafunguliwa mbele yako.

MASWALI YA WANACHAMA

*Nina pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Uingereza. Napanda meli Southampton. Nahitaji viza?*
Ndiyo dada, ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Kibali cha Uingereza hakikushushi Ufaransa, na unaweza kuzuiwa hapo hapo Southampton. Meli ikitoka eneo la Schengen na kuingia tena, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

*Sisi Waislamu tutakula nini?*
Saint-Michel kuna migahawa mingi ya watu wa Afrika Kaskazini, ulizia halali. Ila kaeni mbali na *canelé*, kikeki cha kahawia kinachouzwa kila kona: ndani yake mna ramu.

*Mama yangu ana magoti mabovu.*
Ukingo wa mto ni tambarare kabisa na tramu ziko chini, hazina ngazi. Mitaa ya Saint-Pierre ndiyo yenye mawe ya kukwaza. Mwache apumzike Place de la Bourse, wewe uingie huko.

*Bwana, likizo ni ya kufurahi. Kwa nini utupeleke kwenye habari za utumwa?*
Kaka, sikukatazi kufurahi, chaza nimekuonyesha. Ila majumba utakayopiga picha na habari hizo ni kitu kimoja.

*Nikichelewa, meli itanisubiri?*
Hapa usijaribu. Kuondoka kunategemea maji ya mto na saa iliyopangwa ya kuinua daraja. Rudi saa nzima kabla ya muda waliokupa, na uwe na namba ya simu ya wakala wa meli mfukoni, imeandikwa kwenye karatasi.