Namna ya Kukusanya Vyeti vya Zamani vya Hatifungani za Serikali ya Italia

Mzanzibari anayetaka kukusanya vyeti hivi, yaani karatasi walizopewa watu walioikopesha serikali kwa riba, na achague kwanza kipindi kimoja, kwa sababu deni la Italia, ambalo mwaka 1861 liliunganishwa katika daftari kuu liitwalo Gran Libro del Debito Pubblico, limezaa karatasi za aina nyingi mno kwa mtu mmoja kuzimaliza. Mimi nilichagua miaka ya 1915 hadi 1935, tangu mikopo ya vita hadi hatifungani iitwayo Rendita, ya riba ya asilimia 5, iliyotoka mwaka ambao Italia iliivamia Ethiopia. Historia hii si ngeni kwetu: bandari za Benadir, Mogadishu ikiwemo, Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Wataliana mwaka 1892, nao wakazinunua mwaka 1905 kwa pauni 144,000.

Kabla ya kulipa, isome karatasi yenyewe. Kichwa cha Regno d'Italia ni cha enzi ya ufalme, uliokoma Juni 1946. Baada ya hapo ni Repubblica Italiana. Maneno "al portatore" yana maana kwamba mwenye kukishika cheti ndiye mwenye mali, na "nominativo" ni cheti kilichoandikwa jina la mtu. Ukikuta namba ya Kirumi karibu na herufi E.F., huo ni mwaka wa Kifashisti: ijumlishe na 1921 upate mwaka wa kawaida ambao mwaka huo wa Kifashisti ulianza, mwishoni mwa Oktoba.

Kisha tazama kuponi, vile vipande vya kukata na kudai riba, ambavyo Wataliana huviita "cedole". Cheti changu kimoja kilikatwa kuponi nne kwa mkasi, na ya nne imekwenda kombo hadi ikala wino wa mpaka. Riba yake ililipwa kila miezi sita, kwa hiyo naona mbele yangu miaka miwili ya mtu aliyekwenda kuchukua haki yake, kisha akaacha. Cheti cha namna hiyo hakina kasoro, wala kilichopigwa mhuri wa "annullato", yaani kimefutwa. Muuzaji anayekuahidi kwamba serikali bado itakilipa pamoja na riba ya miaka yote, mwache. Bei yake halali hutokana na uchache, hali na historia yake.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Wakati wa masika karatasi hufanya ukungu ndani ya siku chache, na hewa ya chumvi huzila pini kwa kutu inayobaki kwenye karatasi daima. Ondoa pini zote, usitumie selotepu, na usikilaminishe cheti kamwe, kwani plastiki iliyoyeyushwa juu yake haitoki tena. Kilaze bila kukikunja ndani ya mfuko wa poliesta, ukiweke kwenye sanduku linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na ulitenge sanduku hilo na ukuta wa mawe na chokaa, ambao hutoa jasho usiku. Lifungue kila mwezi, siku kavu, mikono ikiwa safi.