Kabla ya kwenda kutambua laikeni kwenye magome ya miti

Kwanza tafuta siku kavu. Laikeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na ikilowa, ngozi yake ya juu hupitisha mwanga hadi rangi ya mwani ikajitokeza. Ile ya kijivu inageuka kijani, nawe unaweza kudhani umeona aina nyingine kabisa. Kwa misitu ya Usambara Magharibi, tuseme Magamba pale juu ya Lushoto, miezi ya Juni hadi Septemba ni afadhali kuliko masika. Hata hivyo ukungu wa asubuhi upo, kwa hiyo usiwahi sana.

Suala la kibali limalize mapema, maana Magamba ni hifadhi ya msitu asilia, si mahali pa kujibandulia magome. Kama unaanza, mgrevilea au mparachichi wa shambani unatosha, ukimwomba mwenye shamba.

Beba lenzi ya kukuza mara 10, rula ndogo, daftari na simu. Bila lenzi utaona mabaka tu.

Kuhusu umbo, jiulize: inatoka kwenye gome au haitoki? Iliyoganda kama rangi iliyopakwa ni ya utando. Yenye vipande kama majani, unayoweza kuinua ukingo wake kwa kucha, ni ya majani. Nyingine hushikilia mti sehemu moja tu, kisha hujitanua kama kichaka au kuning'inia kama ndevu.

Hizo ndevu ndizo rahisi, na mimi ningeanza nazo. Chukua uzi mmoja ulioanguka chini, ulowanishe kidogo, uvute taratibu: ngozi ya nje ikikatika na katikati ukabaki ugwe mweupe unaonyumbuka, hiyo ni Usnea. Ikiwa bapa kama utepe na haina ugwe, fikiria Ramalina. Kwenye za majani, tazama chini: Parmotrema huwa nyeusi katikati, kahawia ukingoni, na huko ukingoni, upande wa chini, haina vijimizizi vya kushikia gome.

Za utando zinahitaji subira. Michirizi myeusi kama mwandiko wa haraka ni dalili ya Graphis na jamaa zake. Ukikwangua kidogo, ndani unaweza kukuta rangi ya njano au chungwa. Lakini unga wa chungwa mtupu uliotanda kwenye gome, usio na utando wala michirizi, mara nyingi ni mwani peke yake. Huo wengi huuandika kama laikeni.

Piga picha kivulini, bila flashi, rula ikiwa kando, na upige upande wa chini pia. Andika aina ya mti, mwinuko na kama gome ni laini au lina mipasuko. Jina liishie kwenye jenasi, yaani jina la kundi kama Usnea, kwa kuwa spishi nyingi hazithibitishwi bila kemikali na hadubini.