Kukimbia milima ya Réunion: uanzie njia gani na siku yako uipangeje

Kabla ya yote futa kichwani hesabu ya kilomita. Mtu anakwambia kutoka mji wa Cilaos kwenda kileleni Piton des Neiges, mlima mrefu kuliko yote kisiwani, ni kama kilomita 7 hivi tangu pale njia inapoanzia, we unasema ah hiyo si ya kumaliza kabla ya chai, kumbe hizo kilomita 7 zinapanda karibu mita 1,700 na sehemu kubwa ni ngazi za mawe na magogo, kila ngazi na kimo chake, goti halijui lijiandae vipi. Kisiwa chenyewe, kiko Bahari ya Hindi jirani na Mauritius, ni kidogo tu, kilomita za mraba 2,512, Unguja na Pemba ukiziunganisha zinakaribia kulingana nacho, ila katikati kinanyanyuka mpaka mita 3,070. Wenyeji hawaulizani kilomita ngapi, wanaulizana masaa mangapi, na vibao vya njiani vimeandikwa masaa. Mi natumia hivi: nachukua muda wa kwenye kibao ambao ni wa mtembeaji wa kawaida, napanga theluthi mbili zake, na siku ya kwanza sijidanganyi hata kwa hiyo theluthi.

Jiografia yake fupi. Kuna mashimo matatu makubwa ya mabonde yamezungukwa na kuta za miamba, Cilaos, Salazie na Mafate, yote yameuzunguka huo Piton des Neiges ambao ni volkano iliyolala. Volkano hai iko upande wa kusini mashariki, Piton de la Fournaise. Mafate ndo utamu wenyewe, hakuna barabara kabisa, watu mia kadhaa wanaishi mle kwenye vijiji vidogo wanaviita îlet, na mzigo unaingia kwa helikopta au kwa miguu. Wa kwanza kuishi humo walikuwa watumwa waliotoroka mashamba, wengi Wamalagasi, ila na wa pwani yetu walifikishwa Réunion na Mauritius, mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa mmoja anaitwa Morice wa kumuuzia watu. Kwa hiyo ukikuta njia inapanda ukutani kama imechorwa na mtu mwenye hasira, kumbuka wale walikuwa wanataka pasifikike.

Msimu: nenda Mei mpaka Novemba mwanzoni. Baada ya hapo ni vimbunga, na mvua ya kule sio mvua unayoijua, mwaka 2007 kimbunga Gamède kilimwaga milimita 3,929 ndani ya masaa 72 sehemu inaitwa Commerson, yaani mvua ya Dar ya miaka mitatu na zaidi kwa siku tatu. Ndo maana njia zinabomoka na kufungwa kila mara. Usiku kabla ya kutoka ingia tovuti ya ONF, hao ndo idara ya misitu, wanaweka orodha ya njia zilizofunguliwa na zilizofungwa. Ikiwa imefungwa usiseme nitapita pembeni, pembeni ni korongo.

Viza watu wanajikwaa hapa. Réunion ni Ufaransa lakini haimo ndani ya Schengen, lile eneo la viza moja la nchi za Ulaya, kwa hiyo kwenye maombi sema wazi unaenda Réunion, usije ukafika na Schengen ya kawaida ukarudishwa. Sisi wa huku wengi tunapitia Mauritius, kutoka pale ndege ni chini ya saa moja.

Sasa njia zenyewe, kwa mpangilio ambao mi ningempa mdogo wangu.

Anza na Chemin des Anglais, kati ya La Possession na Saint-Denis, iko karibu na mji na haiendi juu sana. Ni njia ya zamani iliyotandikwa mawe meusi ya volkano, imechongoka na inateleza ikilowa, na jua la pale halina huruma maana uko chini karibu na bahari. Hapo utajua viatu vyako vina meno au ni vya mapambo. Wale wa Diagonale des Fous, ile mbio ya Oktoba inayokatiza kisiwa kutoka Saint-Pierre mpaka Saint-Denis, zaidi ya kilomita 160 na mita karibu 10,000 za kupanda, wanaipitia hii mwishoni kabisa wakiwa hawajalala siku mbili. Sijui wanatoa wapi roho.

Alafu hamia Cilaos, iko kama mita 1,200 juu, basi unalipanda Saint-Louis, na barabara yake ina kona wanasema 400, kama tumbo lako la kwenye meli kaa mbele. Ukilala pale siku mbili miguu inazoea. Ukiwa Cilaos fanya Col du Taïbit. Unaanzia kwenye barabara ya Îlet à Cordes, unapanda zaidi ya mita 800 mpaka kwenye upenyo wa mlima wenye mita 2,080 hivi, alafu unadondokea Marla, kijiji cha kwanza cha Mafate upande huo. Hapa ndo pa kujifunza kutembea. Nasema kweli, kwenye mwinuko usikimbie, weka mikono kwenye mapaja sukuma, hata wale wa mbele kwenye mashindano wanafanya hivo, kukimbia utakimbia Marla kwenda La Nouvelle. Lala La Nouvelle kwenye gîte, yaani nyumba ya wageni ya mlimani, weka nafasi mapema na beba pesa taslimu euro. Jioni mnakaa meza moja na wageni wengine, wali, maharage, rougail yaani mchuzi wa soseji, na pilipili, ukija kutoka pwani ya huku utahisi uko kwa shangazi. Kesho yake rudi njia ile ile au toka kwa Col des Bœufs kupitia Plaine des Tamarins, msitu una ukungu, miti imelala lala, ni mwepesi kukimbia kuliko kwingine kote Mafate.

Piton des Neiges iache mpaka siku ya nne au ya tano. Wengi wanalala gîte ya Caverne Dufour, mita 2,478, wanatoka saa tisa usiku na taa za kichwani waone jua likichomoza kileleni. Mkimbiaji anaweza kwenda na kurudi siku moja ila toka saa kumi alfajiri, kwa sababu ikifika saa nne au tano asubuhi mawingu yanapanda na huoni kitu. Juu baridi kali, asubuhi za Julai barafu nyembamba inashika kwenye majani, usije na fulana tu ukasema hii si tropiki bwana.

Fournaise ni siku ya kupumzisha kichwa, unashuka ngazi zaidi ya 500 kutoka Pas de Bellecombe, alafu unafuata alama nyeupe zilizopakwa juu ya lava. Kivuli hakuna, maji hakuna, na ukianguka ile lava inachana kama kisu cha kuparia samaki, vaa glavu nyepesi. Volkano ikianza kutema wanafunga geti.

Mfukoni: maji lita moja na nusu, taa ya kichwa hata kama unatoka mchana maana Julai saa kumi na mbili jioni tayari giza, koti la mvua, filimbi, ramani uliyoishusha kwenye simu kabla maana mtandao mle unakatika. Dharura ni 112. Njia kubwa za GR, yaani njia ndefu za kutembea za Ufaransa, zina mistari miwili, nyekundu na nyeupe, ukiona imewekwa alama ya X umekosea, rudi.

Mazoezi ukiwa nyumbani, kupanda sio tatizo letu, watu wa Morogoro na Lushoto mnapanda tangu mko wadogo. Tatizo ni kushuka. Tafuta ngazi za jengo refu, shuka kwa mwendo panda polepole, wiki sita hivi, hatua fupi fupi, macho mita tatu mbele sio kwenye vidole. Na kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, sio usiku ule ule, mi nilikata usiku ule ule nikashuka Taïbit nikiwa nachechemea kama bata.