Mzio wa maziwa ya ng'ombe kwa mtoto mchanga: namna ya kuutambua na kuuthibitisha

Hatua ya 1: Tazama saa. Kinachomdhuru mtoto ni protini ya maziwa, si sukari yake (laktosi), kwa hiyo maziwa yasiyo na laktosi hayatamsaidia. Dalili za haraka hutokea ndani ya saa 2: mabaka ya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika. Pumzi ikipiga mluzi au mtoto akilegea, mkimbizeni hospitali papo hapo. Dalili za polepole huchukua saa kadhaa hadi siku 3: kamasi au nyuzi za damu kwenye kinyesi, kuharisha, ukurutu, kugomea ziwa.

Andika daftarini: "Jumanne asubuhi, mama chai ya maziwa. Jumatano jioni, choo kina kamasi na damu kidogo." Mistari kama hiyo humsaidia daktari kuliko "mtoto analia sana".

Hatua ya 2: Damu kwenye choo yaweza kuwa ya kuhara damu. Nenda kituo cha afya choo kipimwe; kukiwa na homa, apimwe na malaria. Vipimo vya mzio vya damu na ngozi hufaa kwa dalili za haraka tu.

Hatua ya 3: Ondoa maziwa wiki 2 hadi 4. Mama, usimwachishe mtoto ziwa! Acha wewe chai ya maziwa, bongo (maziwa ya mgando), siagi, samli, hata eshabwe (mchuzi wa samli), na soma pakiti za biskuti. Maziwa ya mbuzi hayafai, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Kula mukene (dagaa) pamoja na mifupa yake, na umuulize daktari kuhusu vidonge vya kalsiamu. Anayetumia maziwa ya kopo achaguliwe na daktari yale ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Ya soya yasubiri mpaka mtoto afike miezi 6.

Hatua ya 4: Rudisha maziwa. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu mtoto ametulia, lakini tumbo la mtoto hutulia lenyewe pia, na mama hubaki akijinyima bure. Kama dalili zilikuwa za haraka au kali, jaribio lifanyike hospitali tu. Zikiwa za polepole na nyepesi, mama anayenyonyesha anywe maziwa kila siku kwa wiki moja. Dalili zikirudi, mzio umethibitika: acha tena kwa angalau miezi 6, mpaka mtoto afike miezi 9 hadi 12, ndipo daktari ajaribu upya. Zisiporudi, kula kama kawaida.

Mtoto akiandikiwa chakula-tiba cha karanga kwa utapiamlo, mwambie muuguzi habari za mzio kabla hajakifungua: kwa kawaida kina maziwa ya unga.